Gari na Vilivyomo

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi Rawya alimaliza kufuta vumbi kwenye kioo cha mbele, akakamua kitambaa, akakianika juu ya ukuta wa ua. Gari, Prado ya kijivu ya mwaka wa zamani, lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yao ya Al Amerat, pembezoni mwa Muscat. Baba yake alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria, mkanda ameufunga, kofia imenyooka, mikono ameiweka mapajani. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane tangu afariki.

"Tairi la nyuma, la kulia," alisema Mzee Thani.

"Nimelitia upepo jana, Baba."

"Litazame."

Rawya akazunguka akalitazama. Lilikuwa limepungua kidogo.

Mzee Thani alikata roho ndani ya gari hilo hilo, kwenye mteremko wa Aqaba, barabara ya milimani ya kwendea mjini, wakati Rawya akimkimbiza hospitali. Alizikwa jioni ile ile. Siku ya tatu ya matanga Rawya alitoka kwenda kununua katoni za maji, akafungua mlango na kumkuta baba yake kiti cha mbele, akilalamika kwamba mtu amekirudisha nyuma kiti chake. Rawya akakisogeza. Wakaenda wote kununua maji.

Mama yake, Bi Mastura, alipoambiwa, alituma mtu kwa sheikh kuuliza kama eda inaendelea. Sheikh akajibu kwamba mume amezikwa, kwa hiyo eda ni eda. Bi Mastura akakaa ndani miezi minne na siku kumi, na siku iliyofuata akavaa baibui jipya, akatoka, akapanda kiti cha nyuma.

"Umechelewa," Mzee Thani alimwambia.

"Nilikuwa nnakulilia wewe," alijibu Bi Mastura, na wakaondoka kwenda kununua mkate.

Tangu hapo ndiyo ikawa desturi. Asubuhi Rawya alivuka milima na baba yake kwenda Bawshar, alikokuwa mfamasia katika zahanati moja, na Mzee Thani alibaki garini kivulini mpaka saa nane. Alasiri walirudi, na kabla ya magharibi wote watatu walizunguka mjini bila safari maalumu. Wazee walibishana juu ya majirani wa Unguja waliokwisha kufa zamani na juu ya nani alipunguza ubaridi wa kiyoyozi. Mzee Thani hakuwahi kushuka. Alipoulizwa, alisema hapo alipo panamtosha.

Asubuhi hiyo, kabla hawajaondoka, Jaifar alitoka nyumbani bila viatu. Alikuwa mdogo wake Rawya, na wao wawili tu ndio watoto waliobaki katika nyumba hiyo. Alikuwa amefungua kibanda cha kahawa na chai ya maziwa huko Mabela pamoja na rafiki yake, na hundi ya kununulia mashine ya kahawa ilikuwa na saini yake Jaifar peke yake. Rafiki alikwishaondoka. Hundi ilikuwa imerudi, akaunti haina fedha.

Alisimama kwenye dirisha la baba yake, kama alivyozoea kusimama tangu utotoni kila alipokuwa na shida.

"Alkhamisi wanatoa amri ya kunikamata," alisema. Alimtazama baba yake lakini alikuwa akisema na dada yake.

"Umekula?" aliuliza Mzee Thani.

"Sijala, Baba."

"Rawya, mnunulie mkate na yai."

Rawya aliwasha gari. Mshahara wake nusu ulikuwa unakatwa na benki kwa ajili ya nyumba, na dhahabu ya mama yake ilikwenda mwaka jana, kwa shida nyingine ya Jaifar. Alijua kilichobaki. Jaifar naye alijua, ndiyo maana mkono wake haukuondoka kwenye mlango wa gari.

"Kuna ofisi Ansab, wanakopesha kwa rehani ya gari," alisema Jaifar. "Siku thelathini tu, Dada. Gari unabaki nalo mwenyewe."

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Mwenyewe aliitwa Alaa, mtu wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, na alizungumza Kiswahili cha Unguja kwa sababu alilelewa na bibi yake. Alimtilia Rawya kahawa, akamsogezea tende, akamuuliza ni binti wa nani.

"Mzee Thani wa umeme? Yeye ndiye aliyetutilia umeme nyumbani kwetu mara ya kwanza, nikiwa mtoto. Yuko hapo chini?"

"Yupo garini."

"Nitashuka kumwamkia," alisema Alaa, na kweli alishuka, akamshika Mzee Thani mkono kupitia dirishani na kumuuliza hali.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Kadi ya gari, mulkiya, ingekaa kwenye droo ya Alaa. Gari lingebaki kwa Rawya. Baada ya siku thelathini angerudisha fedha na nyongeza yake, na achukue kadi. Asiporudisha, gari ni la ofisi.

Ukaguzi ulifanywa na mwanamke wa Kikenya, Pauline, mwenye kofia pana ya jua na ubao wa kuandikia. Alifungua buti akaandika tairi la akiba moja, jeki moja, kopo la maji moja. Akafungua mlango wa nyuma akaandika mto mmoja wa kuegemea. Alipofika mbele alisimama.

"Madam, huyu mzee anashuka?"

"Hashuki."

"Hata kidogo?"

"Tangu afariki hajashuka."

Pauline aligongagonga kalamu kwenye ubao. Akatazama juu, kwenye dirisha la ofisi, kisha akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mimi naandika chenye naona. Lakini ningekuwa wewe, ningejaribu kumtoa kwanza. Nikishaandika, imeandikwa."

Alimwonyesha Rawya mstari wenyewe kwenye mkataba. Ulikuwa katikati ya ukurasa wa pili, maandishi ya ukubwa ule ule kama mengine, wala haukufichwa: gari na vilivyomo, na vitakavyoongezeka ndani yake muda wote wa rehani.

Rawya aliusoma mara mbili. Akaenda kwenye dirisha la baba yake akamsomea na yeye.

"Baba, shuka kidogo. Ukae hapo kivulini, dakika tano tu, aandike."

Mzee Thani aliutia mkono kwenye kifungo cha mkanda. Alikibana, akakisukuma, akakibana tena. Kifungo hakikufunguka. Hakuonekana kushangaa.

"Tia saini, mwanangu," alisema. "Jaifar mdogo."

"Ana miaka thelathini na mmoja."

"Ndiyo. Mdogo."

Rawya alisimama pale juani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na hasira na baba yake, hasira ya siku nyingi, ya ada za shule mbili alizoacha Jaifar na pikipiki aliyoigonga, na alishangaa kidogo kwamba kifo hakikuipunguza. Kisha akaandika jina lake. Pauline aliandika: mzee mmoja, ameketi mbele. Akabandika karatasi ya namba kwenye pembe ya kioo, mia moja na kumi na nne, na nyingine yenye namba hiyo hiyo kifuani pa Mzee Thani, juu kidogo ya mfuko wa kanzu.

"Isibanduke," alisema. "Ikibanduka nalipishwa mimi."

Jioni Jaifar alilipa hundi yake. Bi Mastura alipopanda gari aliiona ile namba kifuani pa mumewe, akauliza ni ya nini. Rawya akamwambia ni ya maegesho.

*

Juma la kwanza hakukuwa na badiliko kubwa. Juma la pili Mzee Thani aliacha kusema habari za matairi. Rawya alipomuuliza apite njia ipi kukwepa foleni ya Ansab, alijibu, "Hilo si langu tena kulisema." Alisema kwa upole, kama mgeni aliyeulizwa chumvi ya chakula iko vipi.

Alianza pia kuulizia tarehe. Kila asubuhi, kabla ya salamu, aliuliza leo ni tarehe ngapi, na akiambiwa alitikisa kichwa na kutazama mbele mpaka Bawshar. Rawya aliona kwamba gari likiegeshwa penye mteremko mdogo, hata liwe limefungwa breki ya mkono, asubuhi alilikuta limegeuka kidogo, pua ikielekea Ansab. Alilinyoosha kila siku. Majirani waliona akilinyoosha, na mmoja akamwambia kwamba la shemeji yake lilifanya vivyo hivyo.

Siku ya ishirini na mbili walikuwa na harusi Nizwa, mtoto wa dada yake Bi Mastura. Waliondoka asubuhi na mapema, zawadi ziko buti, Bi Mastura amejitia udi. Walipita barabara kuu vizuri mpaka karibu na Fanja. Hapo gari likapunguza mwendo lenyewe, likaenda pembeni taratibu, likasimama kando ya kituo cha mafuta. Rawya alijaribu kuliwasha mara nne.

"Usilitese," alisema Mzee Thani. "Hapa ndipo mwisho wa Muscat. Mkataba unasema tusitoke nje ya mkoa."

"Mkataba gani?" aliuliza Bi Mastura kutoka nyuma.

Ndipo Rawya akamwambia mama yake yote, palepale, magari yakipita kwa kasi ubavuni mwao. Bi Mastura alisikiliza akiwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Alipomaliza kusikiliza hakumlaumu Rawya wala hakumtaja Jaifar. Alimuuliza mumewe swali moja tu.

"Na wewe ulikubali?"

"Nilikubali."

"Hukuniuliza."

"Hukuwamo garini," alisema Mzee Thani.

Binamu mmoja alikuwa akipita kwenda huko huko harusini, akasimama kuwachukua. Gari lake lilikuwa na nafasi mbili. Mzee Thani aliwaambia waende, watu wanawangoja, na Bi Mastura, baada ya kusitasita mlangoni, akaenda, Rawya naye. Alikaa na wanawake, akala, akamtunza bibi harusi. Walimkuta Mzee Thani saa kumi na moja za jioni, pale pale kando ya kituo cha mafuta, kwenye gari lililozimwa, kiyoyozi hakuna, mwezi wa Juni. Wafanyakazi wa kituo walikuwa wamemwekea kadibodi dirishani kumkinga na jua. Uso alikuwa ameugeuza upande wa mjini.

Gari lilikubali kuwaka mara moja, kwa kuwa safari ilikuwa ya kurudi.

"Nimekuacha juani," Bi Mastura alisema walipofika Al Amerat, na akakataa kushuka mpaka ilipoadhiniwa isha.

*

Jaifar alikuwa amekwenda Sohar kumtafuta rafiki yake. Alirudi siku ya ishirini na tisa, mikono mitupu, akalala siku mbili mfululizo. Rawya alichukua mshahara wake wote na fedha alizoazima kwa wenzake wa zahanati, akaenda Ansab. Zilikuwa zaidi ya nusu ya deni.

Alaa alizihesabu, akamwandikia risiti, akamtilia kahawa.

"Hizi ni za kuchelewa," alisema.

"Sijachelewa. Siku ya thelathini ni leo."

"Ndiyo, lakini hukuja na kamili. Asiyekuja na kamili tunamhesabu amechelewa." Alisema kwa huzuni kidogo, kama daktari anayesoma majibu ya mtu anayemjua. "Nisalimie Bi Mastura."

Kesho yake saa nne asubuhi mlinzi wa zahanati alikuja dirishani pa dawa kumwita Rawya. Alitoka na koti lake jeupe. Lori la kuvuta magari lilikuwa limeshaipandisha Prado juu, na dereva alikuwa akikaza minyororo kwenye magurudumu. Mzee Thani alikuwa ndani, juu huko, amenyooka. Kutoka chini Rawya aliona uso na kofia tu.

"Baba."

"Rudi kazini," alisema Mzee Thani. "Watu wanangoja dawa."

Kulikuwa na watu saba kwenye foleni. Rawya alirudi akawapa dawa zao, akawaeleza mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada.

Alasiri alipitia ofisi moja ya malalamiko. Karani aliusoma mkataba kwa makini, hata na nyuma ya karatasi, kisha akaukunja akamrudishia.

"Saini ni yako?"

"Yangu."

"Na mzee alikuwamo wakati wa ukaguzi?"

"Alikuwamo."

"Basi vilivyomo ndivyo vilivyomo." Alipanga kalamu zake. "Ukienda kumtazama yadini kwao, nenda Ijumaa baada ya alasiri. Siku nyingine hawafungui. Mimi nina shangazi yangu pale."

*

Yadi ilikuwa Mabela, nyuma ya maghala, uwanja wa changarawe uliozungushwa uzio wa waya. Magari yaliyokuwa tupu yaliegeshwa upande wa kushoto na kila mwezi yaliuzwa. Upande wa kulia kulikuwa na magari kumi na matatu yenye watu, na hayo Alaa hakuyauza. Alikuwa amegundua kwamba jamaa zao huja. Wakija wanataka kuingia, na wakitaka kuingia watalipa, na mtu anayelipa kila Ijumaa ana faida kuliko mnunuzi anayelipa mara moja.

Rawya aliwaona wote alipokuwa akipita kutafuta namba yake. Bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga mapajani. Kijana mwenye jezi ya mpira. Mwanamke aliyevaa nguo za harusi, shela limefunika usukani. Kwenye gari dogo jekundu, kiti cha nyuma, mtoto wa kike wa miaka kama mitatu amefungwa kwenye kiti cha watoto. Mama yake alikuwa amechuchumaa kwenye mlango uliofunguliwa akimkata kucha. Waliokuja walikuwa na vitambaa na ndoo. Walifuta vioo kwanza, kisha waliingia.

Pauline alikuwa mlangoni chini ya mwavuli, na daftari. Alichukua malipo ya nusu saa na kuandika walioingia wangapi.

"Pole, madam," alisema.

"Ulinionya."

"Nawaonyanga wote. Hakuna mwenye amewahi rudi nyuma."

"Na wewe kwa nini unakaa?"

Pauline alifungua gari kwa ufunguo uliokuwa na karatasi ya namba. "Pasipoti yangu iko kwa droo moja na mulkiya yako," alisema. "Nusu saa. Nitagonga."

Jaifar alikwenda Ijumaa ya pili. Alikuwa ameazima Corolla ya mtu, na mwenye gari alikubali kumuuzia kwa mkopo, na Jaifar alitaka kubadilisha gari kwa gari. Alimkuta Alaa pale pale yadini akikagua uzio. Alaa aliizunguka Corolla mara moja, akachungulia kiti cha mbele na cha nyuma.

"Hamna mtu," alisema.

"Ni gari zima. Halina hata mkwaruzo."

"Naliona. Lakini tupu hatuchukui siku hizi, Jaifar."

Jaifar akaenda kwenye dirisha la baba yake, akasimama pale kama alivyozoea. Vioo vilikuwa vimepandishwa na gari halina moto, kwa hiyo alimwona tu midomo ikitembea. Hakuhitaji kusikia. Alikuwa akiulizwa kama amekula. Jaifar aliweka paji la uso kwenye kioo na kubaki hivyo mpaka nusu saa ya mtu mwingine ilipokwisha.

Bi Mastura ndiye aliyekwenda kila Ijumaa. Alikaa kiti cha nyuma, mahali pake, na walizungumza yale yale ya siku zote. Mzee Thani alijibu zaidi alipokuwa naye. Lakini nusu saa ilikuwa fupi, na Bi Mastura alikuwa mtu wa kuanza habari kwa mbali. Mara tatu Pauline aligonga kabla habari haijafika kwenyewe.

Ijumaa ya nne Bi Mastura aliamka mapema akafua shuka zote za nyumba. Alikwenda kwa jirani akarudisha sufuria aliyoazima tangu Ramadhani. Alimpa Rawya funguo za kabati, akamwambia maji ya waridi yako nyuma ya mchele, na kwamba chupa ya mafuta ya nazi kifuniko chake hakikazi. Njiani kuelekea Mabela, kwenye teksi, aliutazama mji kwa makini, majengo mapya ya Ansab na yale ya Bawshar, na akasema yote yamejengwa haraka.

Rawya alimwacha aingie peke yake, yeye akasimama na Pauline chini ya mwavuli. Nusu saa ilipokwisha Pauline akaenda kugonga. Akagonga tena. Akarudi.

"Mama anasema niandike."

"Uandike nini?"

"Hajasema. Amesema tu, andika."

Rawya alikwenda mwenyewe. Mama yake alikuwa ameegemea ule mto, miguu ameikunja chini ya baibui, mkono mmoja ameunyoosha mbele juu ya bega la mumewe. Alikuwa akisimulia jambo, na alimwashiria Rawya kwa kidole kwamba angoje, hajamaliza. Rawya akangoja. Pauline naye akangoja, ingawa hakuruhusiwa. Familia nyingine zikaondoka, mama wa yule mtoto akapita na ndoo yake tupu. Jua lilipofika kwenye paa za maghala Bi Mastura alimaliza habari yake. Mzee Thani alicheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ya ukaguzi.

Waliomfungulia mlango baadaye, watu wa gari la wagonjwa, walisema moyo wa Bi Mastura ulikuwa umesimama kwa kiasi cha robo saa. Walimtoa, wakamlaza kwenye kitanda, wakamfunika. Alizikwa asubuhi Al Amerat, hatua chache kutoka kaburi la Mzee Thani.

*

Matangani walikuja watu wengi. Siku ya pili alikuja Alaa, na gunia la mchele na katoni mbili za maji. Alikaa na wanaume, akasoma Kurani bila kuharakisha, akala kidogo. Alipoondoka, Rawya na Jaifar walimsindikiza mpaka nje, kama ilivyo adabu.

"Mama alikuwa mtu mwema," alisema Alaa. "Nimekwenda yadini jana. Amekwishakaa."

"Nyuma?" aliuliza Rawya.

"Nyuma. Wako vizuri." Alitafuta ufunguo wa gari lake mfukoni. "Wakiwa wawili ni bei ya wawili. Ndivyo ilivyoandikwa, vitakavyoongezeka. Lakini nimemwambia Pauline miezi miwili hii ya mwanzo awatoze kama mmoja. Ni msiba."

"Ahsante," alisema Rawya. Baadaye, akiosha vyombo, alijaribu kukumbuka kwa nini alishukuru, akaona kwamba hakukuwa na neno jingine karibu.

Ijumaa walikwenda wote wawili. Pauline alikuwa amekata kwa mstari mmoja maneno "mzee mmoja, ameketi mbele" na kuandika chini yake "wazee wawili, mbele na nyuma". Aliomba saini ya Rawya kando ya mstari, na Rawya akaitia. Kifuani pa Bi Mastura kulikuwa na karatasi ya mia moja na kumi na nne, imebandikwa sawasawa, kwa uangalifu.

Rawya alikaa kwenye usukani. Jaifar akakaa nyuma, karibu na mama yake, magoti yakigusa kiti cha mbele kama alipokuwa mdogo. Milango ikafungwa. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya udi.

"Fungeni mikanda," alisema Mzee Thani.

Wakafunga. Bi Mastura akamtolea Jaifar uzi kwenye kola. Kisha akaanza habari ya mwanamke mmoja wa Malindi, Unguja, aliyepoteza pete kwenye unga, akaianza kwa mbali sana, kwa babu yake yule mwanamke na nyumba aliyonunua. Hakuwa na haraka tena. Rawya aliweka mikono kwenye usukani na kutazama mbele, kwenye uzio, na nje ya uzio barabara ya Mabela ikipeleka magari mawili mawili. Kwa muda fulani ilikuwa kama jioni yoyote ile ya zamani, isipokuwa hakuna kilichokuwa kikisogea.

Pauline aligonga. Rawya alifungua mkanda wake akashuka. Akazunguka upande wa pili akafungua mlango wa nyuma. Jaifar hakugeuka. Alikuwa amelaza kichwa begani kwa mama yake, macho ameyafumba, mkono ameuweka kwenye kifungo cha mkanda bila kukibana.

Pauline alikuja akasimama nyuma ya Rawya. Alilitazama daftari, walioingia wawili, akatazama waliotoka. Alifungua kalamu.

"Huyu anabaki, madam?"

Mzee Thani alikuwa akitazama mbele. Bi Mastura alikuwa amenyamaza katikati ya habari yake, anangoja.

"Hapana," alisema Rawya. Aliinama ndani akakibana kifungo mwenyewe. Kilifunguka, lakini kwa shida, mara ya tatu. Akamshika mdogo wake mkono juu ya kiwiko, akamvuta, na Jaifar akatoka polepole, mzito, kama mtu anayetolewa usingizini.

Pauline akaandika waliotoka wawili, akafunga milango minne, akajaribu kila mmoja kama umekaza, akaenda kwenye gari jekundu kugonga.